Bandu Bandu Huisha Gogo: Kadi ya Benki na Ada Zake

Wazee wetu walitwambia kwamba bandu bandu huisha gogo. Wao hawakuwa na benki, sikwambii kadi ya benki, lakini msemo wao unamfaa sana mwananchi anayesimama leo mbele ya mashine ya kutolea pesa. Leo hukatwa shilingi 36, kesho hukatwa 36 nyingine, na keshokutwa akitaka tu kujua amebakiwa na ngapi, hukatwa kwa kule kuuliza. Hakuna shoka kubwa lililopigwa, lakini mwisho wa mwezi gogo halipo.

Msomaji mpenzi, leo sizungumzi juu ya mikopo wala riba. Hayo yana wenyewe, na magazeti huyaandika kila siku. Nataka tutazame kitu kidogo ambacho wengi wetu hukilalamikia kwa sauti ya chini na kisha tukaenda zetu, nacho ni ada ya kuchukua pesa zetu wenyewe. Na kwa kuwa ukurasa huu ni wa utamaduni, heri nianze na neno lenyewe.

ADA NA AMANA

Katika Kiswahili, ada ni desturi, na ada pia ni malipo yanayotolewa kwa mujibu wa desturi. Mganga wa jadi hafungui mkoba wake mpaka apewe kifungua mkoba. Mwanafunzi wa ufundi akihitimu humpa fundi wake kilemba. Anayeoa hutoa mkaja kwa mama ya bibi arusi. Malipo haya yote yana jina, yana wakati wake, na mlipaji huyajua kabla hajatia mkono mfukoni. Tena hutolewa mbele ya watu. Sijapata kusikia fundi aliyemnyemelea mwanafunzi wake usiku akajikatia kilemba, kisha asubuhi akamwonyesha karatasi.

Neno la pili ni amana. Pesa tunazoziweka benki huitwa amana, na neno hilo ni zito. Mtu akisafiri akamwachia jirani sanduku, lile sanduku ni amana. Akirudi atalichukua, na jirani akimdai chochote kwa kumfungulia mlango, mtaa mzima utamshangaa. Kuku wako mwenyewe, manati ya nini?

Mgala muue na haki yake umpe. Benki si jirani. Ni biashara, na mashine zake hazijiendeshi zenyewe. Lazima zijazwe noti, zilindwe, ziwe na umeme na mtandao, na magari yanayosafirisha pesa huenda na askari wenye bunduki. Ukiitumia mashine ya benki nyingine, benki yako nayo humlipa mwenye mashine. Hapana shaka gharama ipo. Lakini tukumbuke pia kwamba benki hukopesha zile amana zetu na kupata riba, na kwamba mashine hizi zilibuniwa ili kuipunguzia benki kazi dirishani. Ile ya Barclays iliyofunguliwa Enfield, London, tarehe 27 Juni 1967, ilimwezesha mteja kupata pesa hata benki ikiwa imefungwa, pasipo karani kumhudumia. Basi swali langu si kwa nini ada ipo. Swali langu ni nani anayeilipa, na kama anajua anailipa.

ANAYEUMIA NI NANI?

Ushahidi wangu ni wa karatasi. Katika taarifa ya akaunti yangu niliona kwamba kila nilipotoa pesa kwa kadi, nilikatwa shilingi 36. Nilipokwenda kuuliza, kijana mmoja karani alinijibu kwa adabu nyingi, "Mzee, hizo ni ada za kawaida."

Nikamwuliza, "Kawaida ya nani, mwanangu?"

Alicheka, kisha akanifafanulia. Shilingi 30 ni za benki, na shilingi 6 ni za serikali. Naam, serikali nayo imo. Ushuru juu ya ada za mabenki uliletwa mwaka 2013 kwa kiwango cha asilimia 10, na mwaka 2018 ukapandishwa hadi asilimia 20. Kwa jina rasmi huitwa ushuru wa bidhaa. Ajabu ni kwamba mimi sikununua bidhaa yoyote. Nilichukua pesa zangu.

Mtu mwenye mshahara mnono atasema shilingi 36 si kitu. Kwake yeye ni kweli. Akitoa shilingi 20,000 kwa mara moja, zile 36 hazifiki hata robo ya asilimia moja. Lakini msikilize dada mmoja auzaye mboga, ambaye nilikutana naye katika foleni ya mashine karibu na soko la Kongowea, Mombasa. Yeye hupeleka sukumawiki na mchicha kwenye hoteli moja, na hoteli humlipa kupitia benki. Nilimwuliza kwa nini hatoi pesa zake zote kwa pamoja akaepukana na ada za kila mara.

"Kaka yangu," akanijibu, "nikizitoa zote zitalala nyumbani, na zikilala nyumbani zitaliwa. Huyu anataka kalamu, yule ana homa. Mimi hutoa mia tano, nanunua mzigo, basi. Pesa ni zangu, lakini mlango ni wao."

Tupige hesabu pamoja. Yeye hutoa shilingi 500 mara tatu kwa wiki, yaani mara 12 kwa majuma manne. Jumla ni shilingi 6,000. Kwa ada kama yangu, atakatwa shilingi 432, ambazo ni zaidi ya asilimia 7. Tajiri aliyetoa 20,000 amelipa 36, na mchuuzi aliyetoa 6,000 amelipa mara 12 zaidi yake. Shilingi 432 si pesa za kutupa. Ni mzigo mzima wa mboga, au unga wa siku kadhaa. Mama huyu anaweka akiba kwa nidhamu, kama tunavyohimizwa sote, na nidhamu hiyo ndiyo inayomtoza.

Wapo watakaomshauri atumie kadi yake dukani badala ya kutoa noti, maana huko kwa kawaida mwenye duka ndiye anayekatwa asilimia kidogo. Ushauri huo ni mzuri kwa mtu anayenunua katika duka kubwa. Lakini mkulima anayeshusha magunia alfajiri hana kimashine cha kadi. Anataka noti mkononi.

Ulinganishe na vibanda vya pesa za simu. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, ada zake zimekuwa zikilalamikiwa, na mimi ni mmoja wa walalamikaji. Hata hivyo, katika kibanda bango la ada hubandikwa ukutani, kila mtu analisoma, na anayetoa kidogo hutozwa kidogo kuliko anayetoa nyingi. Hiyo angalau inafanana na ada tuliyoijua sisi: ina jina, na inatajwa kabla.

WATEJA WALIPOSEMA

Wengi wetu huamini kwamba maneno ya mteja hayafiki popote. Mambo yaliyotokea Marekani mwaka 2011 yanaonyesha vingine. Mwaka huo serikali iliweka kikomo cha pesa ambazo mabenki makubwa yangeweza kuwatoza wenye maduka kila mteja alipolipa kwa kadi. Kabla ya hapo wastani ulikuwa kama senti 44 kwa kila malipo. Kuanzia Oktoba 1 kikawa senti 21 pamoja na sehemu ndogo sana ya thamani ya bidhaa. Siku chache kabla ya kikomo hicho kuanza, Bank of America ilitangaza kwamba ingewatoza wateja wengi dola 5 kila mwezi ambao wangetumia kadi zao kununulia vitu.

Wananchi walikuja juu. Msichana mmoja wa miaka 22 mjini Washington alianzisha ombi la kuipinga ada hiyo, na watu zaidi ya 300,000 wakatia sahihi. Wengine walipanga kuhamisha pesa zao tarehe 5 Novemba na kuzipeleka kwenye vyama vya akiba na mikopo, vinavyofanana na SACCO zetu. Siku hiyo haijafika, tarehe 1 Novemba benki ilitangaza kwamba imeifuta ada hiyo, hata kabla haijaanza kutozwa.

Hapa kwetu nako tumeona kwamba ada si sheria ya maumbile. Machi 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia, ada za kuhamisha pesa baina ya benki na simu ziliondolewa, na zikakaa hivyo hadi mwisho wa mwaka 2022. Zilirudi Januari 2023, lakini kwa viwango vya chini kuliko vya zamani. Wala mteja hakuachwa bila ngao. Sheria ya Mabenki, katika kifungu cha 44, inaikataza benki kupandisha ada zake bila idhini ya Waziri wa Fedha. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 46, inampa mnunuzi wa huduma haki ya kupata habari anazozihitaji ili anufaike nayo.

Kwa hiyo ninaloliomba si kubwa. Mabenki na yabandike ada zao juu ya kila mashine, kwa Kiswahili na kwa maandishi yanayosomeka bila miwani. Mashine na imwambie mteja atakatwa ngapi kabla hajabonyeza kitufe cha mwisho. Na anayetoa mia tano asitozwe sawa na anayetoa elfu ishirini. Serikali nayo ijiulize kama inafaa kuchukua shilingi 6 zake kutoka kwa mwuza mchicha kila aendapo kuchukua mtaji.

Nasi wateja tuna wajibu wetu. Tuombe taarifa za akaunti zetu, tuzisome mstari kwa mstari, na tuulize. Benki isiyotujibu tuihame, maana ziko nyingi, na SACCO ziko. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika jambo hili daftari li mikononi mwa yule yule anayekata.