Kemia chuo kikuu: Unga wa muhogo, karatasi ya njano na kazi ya profesa

Mwanafunzi wa kemia anapofika kwenye kazi ya mwisho wa masomo, ile tunayoiita TFC, anatafuta vitu viwili: mada na mtu wa kumwongoza. Wengi huanza na mada, na mara nyingi ni ile inayodai mashine ambayo labo yao haina. Mwenye bahati hukutana mapema na profesa anayemrudisha kwenye kitu kilicho karibu. Sokoni kwa mfano, kwenye unga wa fufu.

Muhogo mchungu una linamarini, ambayo muhogo ukipondwa hutoa sianidi, sumu kali. Akina mama wanajua dawa yake tangu zamani: kuloweka siku tatu au nne, kuanika, kisha kusaga. Njaa au vita vikikaza, siku hizo hupunguzwa. Hapo ndipo huingia konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na kwa maisha yote, hasa ya watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, pale chakula kina sianidi nyingi na protini kidogo. Daktari Trolli aliueleza huko Kwango mwaka 1938. Jina lenyewe ni la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Kivu ya Kusini nayo imeujua, huko Burhinyi, katika miaka ya vita.

Kupima sumu hiyo si lazima mashine ya bei kubwa. Njia ya Howard Bradbury na wenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia inatumia miligramu 100 za unga, maji kidogo, enzimu na kipande cha karatasi yenye pikrati. Kichupa hufungwa na kuachwa usiku kucha. Asubuhi karatasi ya njano imeelekea kahawia. Sumu ikiwa nyingi, rangi inakolea zaidi. Mwanafunzi anailinganisha na jedwali la rangi. Kikomo cha FAO na OMS ni miligramu 10 kwa kilo moja ya unga.

Inaonekana rahisi, lakini hapo ndipo kazi ya mwongozaji inaanza. Asidi ya pikriki ikikauka inaweza kulipuka. Haiachwi mikononi mwa kijana peke yake. Unga wa gunia moja hausemi habari za soko zima. Lazima kiwepo kichupa kisicho na unga, cha kulinganishia, na kila kipimo kirudiwe. Matokeo matatu yakipishana, mwanafunzi anatamani kulifuta lile lisilompendeza. Profesa mzuri anamzuia. Anamwambia aliandike kwenye daftari, kisha atafute ni kichupa gani hakikuzibwa vizuri. Kwa maoni yangu, asubuhi hiyo moja inafundisha kemia kuliko kozi nzima ya kunakili ubaoni.

Ila huyo profesa ana wanafunzi wengi, na mgomo wa mishahara ukianza, anayebaki karibu na mwanafunzi mara nyingi ni asistanti. Bidhaa za labo zikikosekana, familia inatoa pesa, juu ya minervali. TFC yangu mimi, ya uandishi wa habari, ilinila karatasi na megabaiti tu. Sikuwahi kununua hata kichupa. Na tangu LMD ilipoenezwa mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi ni miaka 3. Muda wa kukosea na kurudia si mrefu.

Halafu inafika siku ya kutetea. Kuna jury, alama, picha na familia, kisha kitabu kinaingia maktaba. Ndani yake huenda umo ushauri wa timu hiyohiyo ya Australia: changanya unga na maji, utandaze uwe mwembamba, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini ili gesi itoke, kisha usonge fufu siku hiyohiyo. Mama aliyetoa vikombe viwili vya unga wake sokoni bado hajaambiwa ulikuwa na miligramu ngapi.