Viungo Vinavyonyumbuka Kupita Kiasi na Maumivu Yasiyoonekana Kwenye Vipimo

Eksirei huonyesha mfupa uliovunjika au kusagika, na vipimo vya damu vya baridi yabisi hutafuta mchochota, yaani hali ya mwili kujihami kwa uvimbe, joto na maumivu. Lakini hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivyo kinachoeleza kiungo kinapinda kwa kiasi gani. Ndiyo maana mtu mwenye viungo vinavyonyumbuka kupita kiasi anaweza kuzunguka hospitalini kwa miaka mingi akiwa na majibu safi mkononi na maumivu mwilini, hadi mwenyewe aanze kuamini kwamba tatizo lake ni mawazo tu.

Asili ya hali hii imo katika tishu unganishi, ambazo hushikanisha sehemu za mwili na hupata uimara wake kwa kiasi kikubwa kutokana na protini iitwayo kolajeni. Kano zinazofunga mfupa kwa mfupa zinapolegea, misuli hulazimika kufanya kazi ya kukishikilia kiungo, kazi ambayo si yake peke yake, na matokeo yake ni mikazo, uchovu usioisha kwa kulala, vifundo vinavyoteguka kwenye ardhi tambarare na mabega yanayochomoka mahali pake.

Kipimo kinachotumika zaidi hakihitaji mashine. Kinaitwa kwa jina la Peter Beighton, ambaye mwaka 1973 alichapisha pamoja na wenzake utafiti wa mnyumbuko wa viungo uliofanywa miongoni mwa Watswana wa Afrika Kusini, na kina alama 9. Kila upande wa mwili hupewa alama moja iwapo kidole cha mwisho kinarudishwa nyuma hadi kupita nyuzi 90, gumba linagusa kigasha, kiwiko kinapinda kinyume kupita nyuzi 10, na goti vivyo hivyo. Alama ya tisa ni ya anayeweza kuinama bila kukunja magoti na kulaza viganja vyote sakafuni. Mtu mzima asiyezidi miaka 50 huhesabiwa kuwa na mnyumbuko uliopitiliza akipata alama 5, na aliyevuka umri huo alama 4, kwa kuwa viungo hukakamaa kadiri miaka inavyosogea.

Alama hizo si ugonjwa, kwani wapo wanasarakasi wengi wanaozipata bila kuumwa popote. Uainishaji wa kimataifa wa mwaka 2017 unataja aina 13 za sindromu ya Ehlers-Danlos, yaani maradhi ya tishu unganishi yanayoweza kuleta mnyumbuko huu, na aina ya mnyumbuko, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi, haina kipimo cha jeni. Hutambuliwa kwa uchunguzi wa mwili, historia ya familia na kuondoa uwezekano wa maradhi mengine.

Baadhi ya wagonjwa hupata pia kizunguzungu na moyo kwenda mbio wanaposimama. Mapigo yakihesabiwa mgonjwa akiwa amelala, kisha yakahesabiwa tena ndani ya dakika 10 za kusimama, ongezeko la 30 au zaidi kwa dakika kwa mtu mzima, bila shinikizo la damu kushuka, linastahili kufuatiliwa, ingawa upungufu wa damu au wa maji mwilini lazima uchunguzwe kwanza.

Tiba kuu ni kuimarisha misuli taratibu chini ya mtaalamu wa fiziotherapia. Kujinyoosha hadi mwisho wa kiungo, zoezi ambalo watu hawa hulipenda kwa sababu wanaliweza, huzidisha madhara.

Kuna aina moja ya sindromu ya Ehlers-Danlos isiyopaswa kusubiri, nayo ni ile inayodhoofisha kuta za mishipa ya damu: ngozi nyembamba inayoonyesha mishipa, michubuko isiyo na sababu, au ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana kwa kupasuka mshipa mkubwa au utumbo, ni dalili za kumpeleka mgonjwa kwa bingwa mapema. Katika aina hiyo mnyumbuko mara nyingi huishia kwenye vidole, hivyo alama chache za Beighton hazimwondolei mtu hatari.