Amani ya Moyo Siku za Krismasi

Ufikapo mwezi wa Desemba, shughuli huwa nyingi kila mahali nchini Kenya. Mabasi yatokayo Nairobi kwenda Nyeri, Kisumu na Kakamega hujaa abiria na mizigo, na nauli hupanda. Karani hufunga hesabu za mwaka afisini. Mkulima hutengeneza nyumba kwa ajili ya wageni, na huku magugu yamngoja shambani. Kila mtu hutazamiwa kuleta kitu: sukari, nyama, nguo mpya za watoto. Na nyuma ya hayo yote yasimama Januari pamoja na karo ya shule.

Si ajabu, basi, kwamba wengi huifikia tarehe 25 wakiwa na uchovu, hasira na madeni. Husema moyoni kwamba watatulia kazi zikiisha. Lakini kazi haziishi.

Yafaa kukumbuka kwamba Krismasi ya kwanza nayo haikuja wakati wa utulivu. Luka, katika sura ya 2 ya Injili yake, aeleza kwamba Kaisari Augusto alikuwa ameamuru watu waandikwe, nao wakashika njia, kila mmoja kwenda mji wake. Yusufu na Mariamu walitoka Nazareti mpaka Bethlehemu, safari ya zaidi ya kilomita 100, wasipate nafasi katika nyumba ya wageni. Mtoto akalazwa horini. Wachungaji walioletewa habari njema hawakuwa mapumzikoni. Walikuwa zamu ya usiku, wakilinda kundi.

Amani ilitangazwa katikati ya shughuli hizo, wala shughuli hazikuondolewa. Wachungaji walikwenda, wakaona, wakarudi wakimsifu Mungu. Mariamu naye aliyaweka mambo hayo yote moyoni, akiyatafakari.

Ndiyo sababu makanisa mengi hushika majilio, yaani Jumapili nne za kujiandaa kabla ya Krismasi. Maandalio ya moyo hayahitaji fedha. Mume na mke waweza kuketi mapema, wakatenga karo kwanza, ndipo wakapanga sikukuu kwa kile kilichobaki. Aliyekosana na ndugu yake ampelekee neno la upatanisho kabla ya kupanda basi, wasije wakala sahani moja bila kusemezana. Na yeye aamkaye alfajiri kukamua ng'ombe aweza kusali papo hapo zizini. Mungu hapadharau mahali hapo, kwa maana Mwanawe alilazwa horini.

Wako pia vijana wasiothubutu kurudi kwao kwa sababu hawana kazi wala cha kubeba. Hao wapaswa kuambiwa na wazazi wao, mapema na kwa maneno yaliyo wazi, waje hivyo hivyo. Yule ambaye sikukuu ni yake alizaliwa asiwe hata na mahali pa kulala. Nyumba impokeayo mwana wake mwenye mikono mitupu imekwisha kuipokea amani ya Krismasi, hata kama sufuria ni ndogo.