Mgomo na Wakati wa Mfanyakazi: Kuli na Mstahiki Meya

Watahiniwa wengi wakiulizwa kuhusu mgomo katika fasihi huandika "mshahara duni", kisha hukimbilia hoja nyingine. Si kosa, ila ni nusu ya jibu. Katika kazi zinazosawiri wafanyakazi, kinachogombaniwa aghalabu ni wakati. Nani anamiliki siku ya mfanyakazi?

Tuchukue Kuli (1979), riwaya ya Shafi Adam Shafi. Msingi wake ni mgomo wa Unguja wa 1948, ulioanzia bandarini ukaenea mjini. Kuli alikuwa kibarua wa kutwa: meli ikitia nanga, anahitajika, isipokuja, hana kazi wala ujira. Saa za kusubiri hakulipwa na yeyote. Basi mgomo unapoanza, mambo hugeuka. Sasa meli ndiyo inayosubiri, na kila siku ipitayo ni hasara kwa mwenye shehena. Mtahiniwa akiliona geuko hili, ataeleza vyema kwa nini Rashidi, kijana wa kawaida, anapata nguvu ambayo peke yake hakuwa nayo.

Mwanafunzi wa Machakos hahitaji bandari ili aelewe haya. Viwanda vya EPZ viko papa hapa Athi River, na Januari 2003 wafanyakazi wake, wengi wao washona nguo, waligoma. Nilipofundisha mada hii, msichana mmoja wa Kidato cha Tatu alisema kuwa mamake huondoka gizani na kurudi gizani, na kwamba habari za ovataimu huzipata jioni akiwa tayari amefunga mkoba. Insha yake wiki hiyo ilikuwa bora kuliko zote, naye ni mtu wa kujibu kwa sentensi mbili!

Katika tamthilia, wakati huhitaji kitu cha kuuonyesha. Wafanyakazi wa Cheneo wanapogoma katika Mstahiki Meya (2009) ya Timothy Arege, taka hurundikana. Wengi huzitaja chini ya uozo wa uongozi, na wako sahihi. Lakini taka hizo pia ni kalenda: kila siku bila kazi huongeza rundo na uvundo. Kazi ambayo hakuna aliyeiona ilipokuwa ikifanywa, sasa inajulikana kwa pua. Hapo maudhui na fani vimeshikana, na mtahiniwa anaweza kuanzia na swali moja tu: tangu mgomo uanze, ni nani anayesubiri?