Kabla ya Kujenga, Udongo Uulizwe

Kiwanja kilichoachwa na kiwanda huvutia macho. Aghalabu kiko karibu na barabara, bei yake ni nafuu, na katika mtaa wenye dhiki ya makazi huonekana kuwa riziki iliyojileta mlangoni. Lakini kiwanda kikifunga milango hakihami na kila kilichomwagika chini. Mombasa tunao mfano wa karibu mno: Owino Uhuru, mtaa wa watu wapatao 3,000 huko Mikindani.

Mwaka 2007, kando ya nyumba za mtaa huo, kilianza kazi kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu ili kupata madini ya risasi. Kilifungwa mwaka 2014. Bi. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa humo, alisimama kudai haki baada ya mwanawe mchanga kuugua na vipimo kuonyesha sumu ya risasi. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 na udongo usafishwe. Malipo hayo yalitenguliwa katika rufaa mwaka 2023, kisha Mahakama ya Juu ikayarejesha Desemba 2024.

Wengi huzikumbuka fedha katika kesi hiyo. Kwa maoni yangu, amri iliyo nzito zaidi ni ile ya udongo. Risasi haiozi wala haichakai; hubaki katika tabaka la juu, papo hapo mtoto anapotambaa na kutia vidole kinywani. Shirika la Afya Duniani linasema mwili wa mtoto unaweza kufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Risasi huhifadhiwa mifupani, na mama ajapo kuwa mjamzito huweza kurudi katika damu na kumfikia aliye tumboni.

Basi ardhi kama hiyo hupimwaje? Kazi huanza kwa masikizi, si kwa mashine. Wazee wa mtaa na wafanyakazi wa zamani huulizwa moshi ulielekea wapi, maji machafu yalipita mtaro gani, majivu yalitupwa wapi. Akina mama wasiachwe nje ya mazungumzo haya. Wao ndio wajuao ni uani kwa nani watoto hukusanyika kucheza. Kisha huchukuliwa sampuli za udongo wa juu na wa chini zaidi, vumbi la ndani ya nyumba, maji ya visima, pamoja na udongo wa mahali pa mbali pasipoguswa ili pawepo cha kulinganisha. Anayepima ndani ya ukuta wa kiwanda peke yake amepima nusu, kwani vumbi halijui ukuta.

Majibu husomwa kwa kuangalia matumizi yanayokusudiwa. Ardhi inayofaa kuwa ghala lenye sakafu ya saruji huenda isifae kabisa kuwa chekechea au madrasa. Nchini Marekani, kipimo cha tahadhari kwa udongo wa makazi kilikuwa miligramu 400 za risasi katika kilo moja. Mwaka 2024 kilishushwa hadi 200.

Jimbo la Zamfara, Nigeria, lilionja uchungu huu mwaka 2010, ambapo watoto zaidi ya 400 walifariki kwa vumbi la mawe ya dhahabu yaliyosagwa majumbani. Matabibu walisisitiza nyua zisafishwe kwanza, kwa kuwa mtoto aliyetibiwa akirudi katika vumbi lile lile hutibiwa bure. Udongo wa juu uliondolewa, ukafukiwa mbali, na udongo safi ukatandazwa.

Hapa Kenya, Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba tayari kuna aliyedhurika. Kwa hiyo mnunuzi wa kiwanja cha namna hii aombe ripoti ya upimaji kabla ya kutoa arbuni, na mtaa utake isomwe barazani kwa Kiswahili. Wanaoishi hapo tayari wapanguse sakafu kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia kikavu, viatu vibaki nje, na watoto wanawe mikono kabla ya kula. Hayo hupunguza vumbi la ndani. Udongo wa nje bado unamngoja mwenye wajibu wa kuuondoa.