Wasanifu wa Mandhari, Vifaa na Maleba katika Filamu: Mafunzo kutoka Black Panther (2018)

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa filamu mara nyingi huanzia kwenye dhamira, wahusika na lugha. Wanaojenga mandhari, wanaoandaa vifaa na wanaobuni maleba hutajwa kwa kupita tu, ilhali mtazamaji husoma kazi yao kabla ya mhusika kutamka neno. Makala hii inafafanua majukumu hayo kwa kutumia Black Panther, filamu iliyoongozwa na Ryan Coogler, kisha inaonesha kwa nini kuwatambua watendaji hao ni suala la kisera.

2.0 Mgawanyo wa Majukumu

Kazi huanza kwenye mswada. Kila onesho huchambuliwa ili kubaini mahali, wakati, mavazi na vitu vinavyohitajika. Msanifu wa mandhari huamua sura ya ulimwengu mzima wa filamu: majengo, rangi na nafasi. Mpambaji wa seti huijaza nafasi hiyo kwa samani, mapazia na vyombo. Msimamizi wa vifaa hushughulikia vitu ambavyo mwigizaji huvishika. Kiti kilichowekwa ukumbini ni pambo. Mwigizaji akikinyanyua ili apigane nacho, huwa kifaa.

Mbunifu wa maleba naye huamua nani avae nini na kwa sababu gani. Vazi jipya huchakazwa kwa makusudi ili lifanane na maisha ya mhusika. Vazi litakalochafuka au kuchanika hushonwa nakala kadhaa. Kwa kuwa maonesho hayarekodiwi kwa mfuatano wa hadithi, kila vazi na kifaa hupigwa picha na kuwekewa kumbukumbu, ili kilemba kilichofungwa kushoto kisionekane kulia katika onesho linalofuata.

3.0 Mfano wa Black Panther

Msanifu wa mandhari, Hannah Beachler, aliandaa kitabu cha mwongozo chenye kurasa zaidi ya 500 kuhusu nchi ya kubuni ya Wakanda. Mbunifu wa maleba, Ruth E. Carter, alichota kutoka jamii halisi za Afrika: shanga na rangi nyekundu za Wamaasai kwa walinzi wa kike, blanketi za Wabasotho kwa watu wa mpakani, na kofia ya wanawake wa Kizulu waliokwisha kuolewa kwa Malkia Ramonda. Kofia hiyo ilitengenezwa kwa teknolojia ya uchapaji wa pande tatu. Mapokeo na teknolojia vikakutana katika kifaa kimoja.

Mwezi Februari 2019 kazi hizo zilipata tuzo za Oscar. Carter alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kushinda tuzo ya ubunifu wa maleba. Beachler, aliyeshinda pamoja na mpambaji wa seti Jay Hart, alikuwa wa kwanza katika usanifu wa mandhari.

4.0 Athari za Kisera

Jina lililoandikwa huleta sifa, na sifa huleta ajira. Hata hivyo, ushanga wa Kimaasai hutambuliwa kwa jina la jamii, si la fundi anayeutunga. Mnyororo wa utambuzi hukatikia kwake.

Suala hili linagusa pia filamu za ukanda huu. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji (2021), iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, inairejesha Zanzibar ya miaka ya 1950. Filamu ya namna hiyo huhitaji watu wanaojua kanga, mabaibui na samani za enzi husika. Ujuzi huo umo kwa washonaji, maseremala na wazee wa mitaani. Wasipotajwa wala kurekodiwa, watafariki nao.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo

Inapendekezwa kwamba: (i) mikataba ya filamu itaje kazi na malipo ya watendaji hawa; (ii) majina ya mafundi yaingizwe katika orodha ya watendaji mwishoni mwa filamu; (iii) mabaraza ya Kiswahili yasanifishe istilahi za fani hizi; na (iv) maleba na vifaa vihifadhiwe baada ya kurekodi, viwe hazina ya mafunzo na utafiti.