Chanjo Inayomlinda Jirani: Utafiti wa Malaria Wamfuata Kimelea Ndani ya Mbu

Mtoto wa shule wilayani Handeni anaweza kucheza, kula na kulala bila homa yoyote, ilhali damu yake imebeba vimelea vya malaria. Hapelekwi zahanati, kwa kuwa haumwi. Mbu akimuuma usiku, huondoka na vimelea hivyo na kuvipeleka kwa mtu mwingine. Wabebaji wa namna hii ndio wanaolengwa na watafiti wa chanjo za kuzuia maambukizi kutoka kwa binadamu kwenda kwa mbu.

Vimelea vinavyoondoka na mbu si vile vinavyoleta homa. Vingi huzaliana ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua, ndipo mgonjwa hutetemeka. Vichache hugeuka kuwa vya kiume na vya kike, vinavyoitwa gametosaiti, na hukomaa kwa takriban siku 10 hadi 12 bila kumsumbua aliyevibeba. Vikifyonzwa na mbu jike wa Anofelesi, kila cha kiume huweza kutoa mbegu 8 katika muda wa takriban dakika 20. Urutubishaji hufanyika ndani ya tumbo la mbu, na baada ya wiki mbili hivi vimelea vipya huwa vimefika kwenye tezi za mate, tayari kuingia kwa mtu mwingine.

Hapo ndipo chanjo hii inapoingilia. Humfanya mtu atengeneze kingamwili dhidi ya protini za vimelea vya uzazi, hasa Pfs230 na Pfs48/45. Mbu hufyonza kingamwili hizo pamoja na damu, nazo huzuia urutubishaji. Sindano huchomwa kwa binadamu, kazi ikafanyika tumboni mwa mbu. Protini nyingine, Pfs25, hujitokeza kimelea kikiwa tayari ndani ya mbu. Kwa hiyo maambukizi ya kawaida hayawezi kuichochea upya kinga ya aliyechanjwa.

Korogwe si mgeni katika utafiti wa chanjo. Kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), watoto wa wilaya hiyo walishiriki pamoja na wenzao wa Kilifi, Kenya, katika jaribio la RTS,S ambalo matokeo yake ya mwaka 2008 yalionesha kupungua kwa malaria kwa asilimia 53. Korogwe ilikuwa tena miongoni mwa vituo 11 vya jaribio la mwisho, lililohusisha watoto 15,459 katika nchi saba za Afrika. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha matumizi mapana ya chanjo hiyo Oktoba 2021, na R21 Oktoba 2023.

Chanjo hizo mbili humkinga anayechanjwa. Hii ya sasa humkinga jirani yake, na tofauti hiyo si ndogo pale mzazi anapoombwa ridhaa. Mtaalamu wa afya analazimika kumweleza wazi kwamba mtoto wake anaweza kuchanjwa na bado akaugua. Aidha, wakichanjwa wachache kijijini, mbu watapata vimelea kwa waliobaki. Ndiyo maana baadhi ya watafiti wanataka kuiunganisha na chanjo inayomlinda mtumiaji mwenyewe. Wazo hilo lina mantiki, kwani ni vigumu kumwomba mtu sindano isiyomfaa yeye moja kwa moja.

Haja ipo. Kiwango cha maambukizi nchini kilishuka kutoka asilimia 18.1 mwaka 2008 hadi 8.1 mwaka 2022, lakini dawa mseto peke yake haiui vyema gametosaiti zilizokomaa. Dozi moja ndogo ya primakwini husaidia, ila humfikia aliyekuja kutibiwa, si mtoto asiye na homa.

Majaribio kwa binadamu yamefanyika Mali na Burkina Faso. Hakuna chanjo ya aina hii iliyokwisha kuidhinishwa na Shirika la Afya Duniani, hivyo kwa mkazi wa Handeni na Korogwe kinachopatikana leo ni chandarua chenye viuatilifu, kipimo cha haraka na dawa mseto kwa aliyethibitika kuwa na malaria.